Mabua: tuyachome au tuyalaze?

Mkulima wa Bweyale:
Wakulima wenzangu wa Kiryandongo hapa Uganda, mahindi ya msimu wa kwanza yameshavunwa na moshi umeanza. Kuna wanaotaka halmashauri itunge sheria ndogo: achomaye mabua apigwe faini. Mimi niliacha kuchoma, ila faini siiungi mkono bado.

Wanaotetea moto husema bua likioza, hewa ya ukaa hutoka ileile. Kweli, na kaboni hiyo mahindi yajayo yataivuta tena. Lakini moto hutoa pia gesi mbili nyingine, methani na N2O (oksidi ya nitrojeni), na kilo moja ya N2O huongeza joto la dunia takriban mara 270 kuliko kilo ya hewa ya ukaa, kwa kipimo cha miaka 100.

Halafu kuna jua. Mwanga wake hukatakata lignini, ile inayofanya bua liwe gumu, na kaboni kiasi hupaa bila kijidudu chochote kuligusa. Kwa hiyo bua lililoachwa juani nalo linatoa gesi, sikatai. Lakini bua hilohilo ndilo kivuli cha udongo. Udongo mtupu saa nane mchana huunguza nyayo, na ukiwa na joto na unyevu pamoja, vijidudu huila mboji iliyojengeka kwa miaka mingi. Bua hurudi kila msimu. Mboji hairudi hivyo, na ndiyo inayoniuma.

Wa Masindi:
Ndugu, umesahau maharage. Mabaki yake yana nitrojeni nyingi. Ukiyafukia mabichi mvua ya Septemba ikaingia, N2O itakutoka hapohapo bila kiberiti.

Mkulima wa Bweyale:
Hapo umenishika, ni kweli kabisa. Ya maharage mimi huwapa mbuzi, samadi nairudisha shambani. Ya mahindi siyafukii, kwa sababu yana nitrojeni kidogo: vijidudu huinyang'anya ile ya udongoni na mimea michanga inageuka njano. Nayatandaza juu, kati ya mistari.

Mama wa Kigumba:
Mwanangu, mimi nina ekari moja. Mabua mengine ni ya ng'ombe, mengine kuni. Yanayobaki nachoma kwa sababu ya funza wanaotoboa mashina. Moto unawaua, hilo nimeliona kwa macho yangu. Nikiacha, msimu wa pili nitavuna nini? Na hiyo faini nitailipa na nini?

Mkulima wa Bweyale:
Mama, juu ya funza una haki, hujificha ndani ya bua lililosimama mpaka msimu ufuatao. Lakini yakate uyalaze chini, yapigwe na jua wiki nne hivi. Wengi hufa kwa joto humo ndani, kisha mabua ndiyo yanakuwa matandazo. Ukiona kipande kina matundu mengi, hicho mpe ng'ombe kwanza.

Mama wa Kigumba:
Nusu ekari nitalaza, nusu nitachoma kama kawaida, tuone Desemba. Mkutano wa LC, baraza letu la mtaa, nitakuja, na faini nitaipinga.

Mkulima wa Bweyale:
Tutaipinga pamoja, mama. Jumamosi nakuja na panga nikusaidie kukata.