Hivi waini nyekundu ya milimani ina nini, na mbona ya kwetu Dodoma haiko hivyo?

Nzuguni Kwetu:
Wakuu habari za jioni. Jumamosi shemeji karudi safari na chupa ya waini nyekundu ya Argentina, Malbec, lebo inasema zabibu zimelimwa Mendoza mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mimi nimezoea za hapa hapa nikajua zote ni zile zile. Aisee. Rangi kama wino, ukiinamisha glasi huoni kidole chako upande wa pili, nikajiandaa kwa kitu kizito cha kukausha ulimi, kumbe ukimeza inaacha uchachu fulani msafi kama umemung'unya ukwaju, mate yanajaa mdomoni unataka tena. Sasa swali: Dodoma nasi tuko juu, mita 1,100 na ushee, mbona ya kwetu mara nyingi kama sio tamu basi imelala tu? Ni mlima au ni mbegu?

Sauti ya Kizota:
Mkuu hizo mita ni biashara ya lebo. Bordeaux pale Ufaransa mashamba yako karibu sawa na bahari na chupa zake ukitaka kununua unauza ng'ombe kwanza. Mbegu na fundi, basi.

dada_wa_maabara:
@Sauti ya Kizota nusu uko sawa, Bordeaux hawahitaji mlima kwa sababu wako mbali na ikweta, ubaridi wanao tayari. Mimi kazi yangu ni kupima mchuzi wa zabibu. Ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama digrii 6 hivi, ila mwenye kazi hasa ni usiku. Tunda lina asidi inaitwa maliki, kwenye joto mmea unaichoma kama mkaa, sasa joto likiendelea mpaka usiku asidi inaisha sukari inabaki peke yake, ndo hiyo waini iliyolala. Mlimani mchana jua linapandisha sukari, usiku baridi inalinda uchachu, kaka yangu umekunywa usiku wa Mendoza 😄 Na rangi: jua la juu lina miale mikali zaidi, tunda linajikinga kwa kuongeza rangi na kunenepesha ganda, na wekundu wa waini unatoka kwenye ganda, kamua zabibu nyekundu uone maji yake yalivyo karibu meupe. Huko huko Argentina, mkoa wa Salta, kuna shamba liko mita 3,111, yaani umebakiza kidogo ufike kilele cha Hanang halafu unakuta mizabibu!

Kwetu sasa, Mendoza iko nyuzi 33 kusini, sisi 6. Mita zetu zote zinaishia kulipa deni la joto, chenji haibaki.

Mkulima Hombolo:
Chenji inabaki dada, ila ya msimu mmoja. Kule mzabibu unalala wenyewe wakati wa baridi wanavuna mara moja, huku haulali, sisi ndo tunaupogoa kwa mkasi uchipue upya na tunavuna mara mbili. Zabibu za mwezi wa pili wa tatu zinaiva na mvua, tunda limejaa maji, magonjwa ya ukungu, unapiga dawa mpaka mfuko unatoboka. Za mwezi wa nane wa tisa zimekulia kwenye baridi ya Juni na Julai na ule upepo wetu, usiku shambani unavaa sweta, tunda dogo, ganda gumu, ukichuma rangi inakaa vidoleni mpaka kesho kutwa. Mbegu ile ile ya Makutupora, shamba lile lile.

Lakini msimu uliopita mnunuzi mmoja kanipimia kilo tu, kidude cha kupima sukari ya tunda hakikutoka hata mfukoni. Sasa niache tunda liive vizuri kwa faida ya nani wakati ndege wako juu ya mti wanasubiri?

Sauti ya Kizota:
Hapo kwenye kilo umenimaliza mzee wangu. Nimekaa.

Nzuguni Kwetu:
Asanteni sana. Sasa hiyo ya mwezi wa nane naijuaje dukani, chupa si haziandikwi mwezi?

dada_wa_maabara:
Huijui. Mara nyingi mchuzi wa misimu yote miwili unakutana kwenye tangi moja.

Mkulima Hombolo:
Njoo mwezi wa tisa na dumu lako.