Familia ya Mzee Chande: Hamdani na maneno manne

Somoe (Mama Hamdani): Shikamooni wakubwa. Nina swali, msinicheke. Hamdani katimiza miaka miwili na miezi minne. Maneno yake nikihesabu hayavuki manne: mama, tata, "ma" akitaka maji, na "pi" akiona pikipiki. Mengine yote ananishika mkono ananiburuta mpaka kwenye kitu. Wa jirani hapa Chikongola wamezaliwa mwezi mmoja, yule anabishana na mama yake kabisa.

Bibi Chande: 🎤 1:12

Zuhura: Kwa ambao hamfungui sauti, Mama anasema Issa, baba yake Hamdani, naye alichelewa, alisema ana miaka mitatu. Anasema pia simu zipunguzwe, na aangaliwe kimeo, kuna mzee Mikindani anakata.

Somoe: Sawa mama. Ila simu hashiki sana, ni wakati napika tu.

Bibi Chande: 🎤 0:09

Zuhura: Hiyo sitaandika. 😂

Ba Mkubwa Salum: Mnada wa korosho Newala jamani bei imesimamaje?

Zuhura: Kaka Salum soma juu kwanza.

Ba Mkubwa Salum: Nisameheni. Nimeingia kichwa kichwa.

Zuhura: Mama, kwa heshima zote, kimeo hapana. Kimeo hakizuii mtu kusema. Nimeshapokea wodini mtoto aliyekatwa, damu haikatiki, tumehangaika naye usiku kucha. Kombe mwandikieni, dua haikatai hospitali. Wembe usimkaribie.

Shaibu (Dar): Na ule uzi wa chini ya ulimi?

Zuhura: Huo ukiwa mfupi sana unaweza kusumbua kunyonya, pengine na kutamka baadhi ya herufi. Mtoto atasema vibaya, lakini atasema. Huyu hasemi, kwa hiyo tutafute kwingine. Somoe, wifi yangu, ukimwita kakupa mgongo anageuka?

Somoe: Anasikia wifi. Juzi sufuria limeanguka jikoni karuka.

Zuhura: Sufuria likianguka hata anayesikia nusu ataruka. Kelele inamfikia, ila "s" na "f" na "t" zinapita pembeni, na maneno ndimo yalimo. Fanya hivi. Mtu akae mbele yake amchezeshe kimya kimya. Wewe simama nyuma, hatua moja, kivuli chako asikione. Usipige makofi, usikanyage kwa kishindo. Mwite jina lake kwa sauti ya kawaida kama unaongea na mimi. Upande wa kulia, kisha kushoto. Siyo kipimo cha daktari, lakini tutajua tunaanzia wapi.

Somoe: Nangoja mdogo wangu arudi dukani.

Shaibu (Dar): Kliniki walisemaje lakini? Si alikuwa anapelekwa?

Somoe: Alipochomwa sindano ya miezi 18 niliuliza, shemeji. Dada aliyekuwa zamu akaniambia wavulana huwa wanachelewa, subiri. Nikasubiri. Kwenye kadi hakuandika kitu, kapima uzito basi.

Zuhura: Wavulana wanachelewa kidogo, ni kweli, ila siyo hivi. Mwaka mmoja na nusu awe na maneno machache ya kwake. Miaka miwili anaunga mawili: "mama maji", "baba kaenda". Asipounga, unamtafuta mtaalamu, hungoji. Na mtoto aliyekuwa anasema akaacha, huyo anapelekwa wiki hiyo hiyo.

Somoe: Nimejaribu.

Somoe: Kawekewa vifuniko vya soda anavipanga. Kulia nimemwita mara mbili, kimya. Kushoto nimemwita, kimya. Nimepandisha sauti ndiyo kageuka, akacheka, akanipa kifuniko. Nimeingia ndani nimelia.

Zuhura: Pole mama. Futa machozi unijibu. Kawahi kutoka usaha sikioni?

Somoe: Masika yale, masikio yote mawili. Tukatia mafuta ya nazi ya vuguvugu yakakauka.

Zuhura: Nje yalikauka. Ndani, nyuma ya ngoma ya sikio, maji yanaweza kubaki miezi, mtoto halii wala hana homa. Anasikia kama wewe umezama pale Shangani halafu mtu anakuita yuko ufukweni. Sasa atajifunzaje neno asilolisikia vizuri? Sisemi ndiyo hilo, sijamwona. Nasema lianze kuangaliwa hilo. Na mafuta basi, ngoma ikiwa imetoboka unaingiza balaa ndani.

Bibi Chande: 🎤 2:03

Zuhura: Jamani.

Zuhura: Mama anasema Issa naye alitoka usaha akiwa mdogo, miaka ile wanakaa Nanyamba. Sikio la kulia. Anasema ndiyo maana mpaka leo Issa ukimwita mara tatu haitiki, yeye miaka yote anajua ni kiburi.

Shaibu (Dar): Kwa hiyo vile vibao vyote 😂😂

Bibi Chande: 🎤 0:04

Zuhura: Anasema tumwombee msamaha kwa Issa.

Issa: Nipo. Niko kwenye foleni ya ghala na lori la korosho, nimesoma yote. Mama hakuna neno. Ni kweli kulia sisikii vizuri, simu naweka kushoto. Sikuwahi kuwaza ni tatizo.

Somoe: Miaka sita ya ndoa, nalala kulia kwako naongea peke yangu.

Issa: 🙏

Zuhura: Haya. Piga hospitali ya Ligula muulize daktari wa masikio anakuwepo siku gani, msije mkapoteza nauli ya bajaji. Mwambieni usaha, mwambieni maneno manne, bebeni na kadi. Wakihitaji kipimo kikubwa watawaandikia rufaa, iwe hospitali ya kanda pale Mitengo au Muhimbili. Maji yakikutwa yanatibika. Masikio yakiwa mazima, bado msirudi nyumbani kusubiri, ombeni mtaalamu wa matamshi.

Shaibu (Dar): Ikifika Muhimbili mnashukia Rangi Tatu, nawapokea. Ila ulizeni kwanza barabara, Somanga pale mvua ikichacha hapaaminiki.

Somoe: Na hapa nyumbani nifanye nini wifi? Au nikae tu?

Zuhura: Chuchumaa mfikie usoni ndiyo uongee, aone mdomo. Akikuburuta kwenye ndoo, usimkazanie "sema maji ndiyo nikupe", atachukia maji na wewe. Sema "maji", subiri kidogo, mpe. Akisema "ma", wewe sema "maji baridi". Mpe achague, shika vyote mkononi: ndizi au muhogo? Ngoja. Tano zima unahesabu moyoni. Sisi watu wazima hatuwezi kungoja, tunamalizia wenyewe. Na Mama, ukimsemesha Kimakonde endelea, lugha mbili hazimcheleweshi.

Bibi Chande: 🎤 0:21

Zuhura: Kafurahi hapo. 😂

Issa: Kesho kutwa nashusha mzigo. Jumatatu tunaenda wote watatu.

Bibi Chande: 🎤 0:15

Zuhura: Anasema mkifika kwa daktari, Somoe amkalishe Issa vizuri, daktari abaki kushoto kwake. Na akitoka Hamdani, aingie na yeye.