Amri ya find (ya kutafuta faili) imefuta picha za harusi ya Jumamosi, za zamani imeziacha. Nimekosea wapi?

Studio_Mwanga (Kigoma)
Habari za jioni wakuu. Nina studio ndogo ya picha hapa Mwanga, natumia Ubuntu (aina ya Linux). Picha za mteja nazitunza siku 90, kisha nazifuta ili eksteno (diski ya nje) ipate nafasi. Leo mchana nimeandika hivi:

`find /media/picha -mtime +90 -name "*.JPG" -o -name "*.CR2" -delete`

Nilitaka JPG na CR2 (picha ghafi za kamera) zilizozidi siku 90 ziondoke. JPG za mwaka jana zipo vilevile, haijaguswa hata moja. CR2 ndizo zimekwisha zote, pamoja na za harusi niliyopiga Ujiji Jumamosi. Kinachoniuma zaidi, niliijaribu kwanza bila `-delete`, nikaona JPG za zamani zinapita kwenye skrini, nikaamini. Bi harusi anakuja Ijumaa kuchagua picha za albamu. Naombeni msaada.

Fundi_Ujiji
Pole sana dada. Kwanza usiandike kitu chochote tena kwenye hiyo eksteno, ichomoe sasa hivi. Tumia PhotoRec (programu ya kuokoa faili zilizofutwa), na inachookoa kihifadhi kwenye diski nyingine. Majina ya faili hayatarudi, ila tarehe ya kupigwa imo ndani ya picha yenyewe. Memori kadi ya kamera umeshaifomati?

Kanyenye_Tabora
Dada, kosa hili liliwahi kuniliza na mimi, kwa hiyo naeleza taratibu.

Unakumbuka MAGAZIJUTO ya shule ya msingi? 2 + 3 × 4 ni 14, si 20, maana kuzidisha kunatangulia. find nayo ina mpangilio wake: mabano, kisha `!` ya kukanusha, kisha "na" (`-a`), halafu "au" (`-o`). Hiyo "na" huioni kwa macho, kwa sababu masharti mawili yakifuatana find huichomeka yenyewe. Amri yako imesomwa hivi:

`( -mtime +90 -a -name "*.JPG" ) -o ( -name "*.CR2" -a -delete )`

Kushoto hakuna agizo la kufuta. Kulia hakuna siku 90, kwa hiyo CR2 ya juzi na ya mwaka juzi zimehesabiwa sawa.

Na lile jaribio lako: usipoweka agizo lolote, find huyafunga masharti yote kwenye mabano na kuongeza `-print` (kuorodhesha tu). Ukiweka `-delete`, mabano hayo hayapo tena. Ulichokiona na kilichotendeka ni amri mbili tofauti. Hata hivyo CR2 za Jumamosi zilikuwemo kwenye ile orodha, zimepita katikati ya JPG. Andika hivi:

`find /media/picha -type f -mtime +90 \( -iname "*.jpg" -o -iname "*.cr2" \) -print`

`-iname` ni kama `-name` ila haijali herufi kubwa au ndogo, na `-type f` ni faili tu. Ile `\` inazuia sheli (programu inayopokea amri unazoandika) isiyachukue mabano, na kila bano liachiwe nafasi pande zote mbili. Ukiridhika na orodha, badili `-print` iwe `-delete` palepale ilipo. Usiitangulize kamwe: ikikaa mbele ya `-iname` inafuta kabla haijauliza jina.

Studio_Mwanga (Kigoma)
Mungu awabariki. Kadi moja kati ya mbili sikuwa nimeifomati, picha za ukumbini zipo zote. Za pale ufukweni PhotoRec inazitafuta tangu saa mbili usiku, nyingine zimeanza kutoka. Amri ya ndugu wa Tabora nimeiendesha kwa `-print` kwenye nakala ya flashi: zimetoka za zamani tu, nimezisoma moja moja hadi mwisho.