Waandaaji wa matembezi ya maporomoko: kivuko cha kurudi mnakivuka saa ngapi?

Wakuu, haya mabango yamenichosha. Kila wiki yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Kisumu, Kakamega na Nakuru: maporomoko, kuvuka mto mara mbili, nyama choma, nauli na kiingilio ndani, "mvua inyeshe isinyeshe twaenda". Nafasi 50, waelekezi wawili. Kuhusu kuvuka mkirudi, kimya, na huko kurudi ndiko kuliko na hatari.

Tupige hesabu pamoja. Kivuko cha maji ya magoti chenye mkondo, mtu akivushwa jinsi inavyofaa, kinamla kama dakika mbili. Watu 50 ni dakika 100. Vivuko viwili ni dakika 200, yaani zaidi ya saa tatu, na hapo hamjafika kwenye maporomoko. Kurudi ni dakika nyingine 200. Siku yote imeishia mtoni! Mwandaaji anaijua hesabu hii, kwa hiyo anakata njia ya mkato: anafunga kamba, watu wote wanaingia majini kwa mkupuo. Ama anawavusha mmoja mmoja asubuhi, anachelewa, kisha jioni anawaharakisha. Njia zote mbili zinazaliwa na kitu kimoja: tiketi 50.

Sasa tazameni saa. Bango linasema gari linaondoka Kisumu saa kumi na mbili. Kusubiri waliochelewa, kusimama kununua chai, usajili getini: mnaanza kutembea saa nne, pengine saa tano. Mnafika kwenye maporomoko saa nane, picha saa nzima, chakula. Mnarudi mtoni saa kumi. Yeyote aliyelelewa huku anajua kwamba mawingu yetu hujikusanya mchana, na mvua nyingi humwagika alasiri. Asubuhi mto ulikuwa mpole kwa sababu tu ulikuwa haujapokea mvua ya siku hiyo.

Na msiangalie anga iliyo juu ya vichwa vyenu. Mito ya Isiukhu na Yala hutoka nyanda za juu za Nandi. Sondu-Miriu hutoka pande za Mau na Kericho. Nzoia hukusanya maji ya Cherangani na Elgon. Mnaweza kuwa mnaota jua chini, na maji ya mvua iliyonyesha huko juu tayari yako njiani. Hapa Kaunti ya Nakuru tumeshaonywa mara mbili kwa vifo: mbuga ya Hell's Gate, Aprili 2012, watu saba, Hell's Gate tena, Septemba 1, 2019, watu saba. Maji yalishuka ghafla na kuwakuta ndani ya korongo. Baada ya hayo, bado mtu anaandika "mvua inyeshe isinyeshe"?

Kuhusu kamba, maana hapa ndipo ninapokasirika zaidi. Kamba ya katani au ya kuanikia nguo, inafungwa mti kwa mti, ikikata mto moja kwa moja, watu kumi wananing'inia kwa pamoja. Mmoja akiteleza, uzito wake na nguvu ya maji vinaivuta kamba katikati, inapinda kama upinde. Wote wanasukumwa hadi pale ilipopindia, na mara nyingi hapo ndipo penye kina kirefu. Hawawezi kwenda mbele wala kurudi. Kamba ya mkono, yaani ya kushikilia mkivuka, hufungwa kwa mshazari, ncha ya ng'ambo ikiwa chini zaidi kufuata maji, ili mkondo wenyewe umsogeze mtu kuelekea ukingo. Ikazwe sana. Anayevuka asimame upande wa chini wa kamba, ili akianguka maji yamtoe kwenye kamba, yasimbane juu yake. Mmoja mmoja.

Na mtu ASIFUNGWE kamba kiunoni. Kamwe. Akianguka, kamba inamshika palepale na maji yanamkandamiza chini. Aliye ukingoni akivuta, anamzamisha zaidi. Kamba ya uokoaji ni ya kurushwa: inayoelea, mita 15 hadi 20, mikononi mwa mtu aliyekwisha fanya mazoezi ya kuirusha, naye asimame upande wa chini wa kivuko, maji yanakoelekea, kabla ya mtu wa kwanza kuingia majini. Hiyo peke yake inataka mtu mmoja. Mwingine anasimama juu, macho kwenye maji yanayokuja, kipenga mdomoni. Wa tatu anavusha. Waelekezi wawili kwa watu 50 hawatoshi hata kivuko kimoja.

Mahali pa kuvukia nako ni balaa. Panachaguliwa pembamba kwa sababu panaonekana pafupi. Mto ukibanwa unaongeza kina na kasi. Vukeni panapotanuka, maji yanapotawanyika, na muangalie kwanza kilichopo chini, maji yanakoelekea: kukiwa na gogo lililolala majini, miamba iliyosongamana au maporomoko yenyewe, hapo si kivuko hata maji yakiwa ya vifundo.

Bango lenu linasema tuje na malapa au Crocs "za mtoni". Malapa yanatoka mguuni hatua ya tatu, na peku mtu anateleza kwenye mawe yenye ukoga. Vaeni raba za kamba zilizofungwa vizuri, mkubali zilowe. Fungueni mikanda ya kifua na kiuno ya begi, ili likikuvuta chini uweze kuliacha. Fimbo imara mkononi, uso uelekee maji yanakotoka, sogea ubavu, usipishanishe miguu. Ukibebwa, lala chali, miguu mbele, wala usijaribu kusimama kwenye maji ya kasi. Mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo unakuinamisha kifudifudi.

Nyongeza, kwa waliojibu kwamba "maji yalikuwa ya magoti tu". Kina bila kasi hakisemi kitu. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya kukusukuma inakuwa mara nne. Tupa kijiti majini, utembee nacho ukingoni: kikikuacha nawe unatembea haraka, usivuke maji ya magoti. Na mkivuka asubuhi, chomekeni kijiti usawa wa maji. Mkirudi mkikuta yamepanda upana wa kiganja, basi, hakuna kuvuka. Maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, yakaleta majani na vijiti, au mkasikia mawe yakigongana chini, tokeni mtoni na mpande juu. Kusubiri kwa muda wa saa mbili au tatu kwenye mvua ni baridi, lakini mito midogo mara nyingi hushuka upesi.

Mwenyeji wa pale anayajua haya yote. Analipwa pesa kidogo, kisha akisema "leo hapana" mwandaaji anamwambia watu wameshalipa. Neno lake ndilo liwe la mwisho, na liandikwe kwenye bango.

Waandaaji mlioko humu, msinijibu kwa picha za watu wakicheka. Nataka haya: watu wangapi kwa kila mwelekezi, maana kwenye mto zaidi ya wanane ni wengi. Nani anashika kamba ya kurusha. Saa gani ndiyo mwisho wa kuvuka mkirudi; mimi nasema saa nane, na kama hamjafika kwenye maporomoko kufikia saa sita mgeuke. Daraja la karibu liko wapi, na nauli ya bodaboda ya kuzungukia huko imo kwenye bei? Mkiahirisha kwa sababu ya mvua, pesa zinarudi lini?