Fuso ya volti 24 na kamera ya dashibodi: naombeni ushauri kabla sijachoma hela

Mzawa_Igoma

Wakuu, mwangaluka.

Nina Fuso Fighter moja niliyoinunua kwa kudunduliza. Inapakia dagaa Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, kwenda Dar, kurudi inabeba chochote kitakachopatikana. Siendeshi mwenyewe, nina dereva na utingo wake.

Mwezi uliopita, pale Buhongwa, gari dogo limetoka kituo cha mafuta, likamchomekea dereva wangu halafu likala breki. Fuso ikiwa na mzigo haisimami kama baiskeli. Kaligonga nyuma. Mwenye gari dogo akaapa kwamba alikuwa kwenye foleni muda mrefu tu, ametulia. Watu walijaa, kila mmoja na hadithi yake, na muuza mahindi ya kuchoma ambaye aliona kila kitu, alipoona polisi wanashuka alibeba jiko lake na makaa yakiwaka akapotelea uchochoroni. Basi, si unajua aliyegonga nyuma ndiye mwenye kosa. Nimelipa bampa, taa mbili na buti. Nilipomgeukia dereva kwa hasira akanijibu neno moja tu: "Tajiri, ungekuwepo ungeona."

Limenikaa hilo neno. Nataka kamera. Nina laki tatu, fundi humo humo. Je, ni lazima iwe 4K, ile ya picha kali zaidi? Ya mbele tu inatosha au na ya kuangalia ndani? Hiyo ya ndani naweza kuiweka bila dereva kujua? Fundi mmoja wa huku kaniambia ni kazi ya dakika tano, anachomeka kwenye laita na kuondoka.

Nawasilisha.

Kapuku_Halisi

Pole mkuu. Kamera ulikuwa nayo, ilikuwa inauza mahindi. Ila ndiyo hivyo, ina miguu.

FundiWaya_Nyakato

Pole sana ndugu. Huyo wa dakika tano mwogope.

Kabla hujauliza kamera gani, uliza umeme gani. Fuso yako ni volti 24: betri mbili za 12 zimeungwa mfululizo. Gari likiwaka oltaneta inapandisha mpaka 27, 28. Sasa chaja nyingi zinazokuja kwenye boksi la kamera za bei poa zimetengenezwa kwa gari dogo. Ukiichomeka kwenye laita ya Fuso utasikia harufu kabla hujaona picha. Soma yale maandishi madogo ubavuni mwa chaja. Yakisema 12–24V au zaidi, sawa. Yakisema 12V peke yake, rudisha dukani.

Na laita yenyewe siipendi. Kwenye magari haya ya zamani tundu limeshalegea, ukikanyaga makorongo chaja inachomoka. Isipochomoka, utingo anaichomoa achaji simu. Siku ya tukio unakuta kamera imelala toka Misungwi.

Nunua kiboksi cha kuungia moja kwa moja. Kinashusha 24 kuwa 5, ambazo ndizo kamera inakula, na kina waya tatu: wa moto wa kudumu, wa moto unaokuja ukigeuza swichi, na wa ethi, yaani hasi. Moto uchukuliwe kwenye boksi la fyuzi kwa kile kichwa kinachobeba fyuzi ya pili, uweke ya ampea 2 au 3. Hakuna kuchuna waya wa taa wala wa breki! Ethi ifungwe kwenye bolti iliyokaa kwenye chuma, na rangi ikwanguliwe kwanza. Kamera nyingi ninazoletewa zikiwa "mbovu" ukifuatilia unakuta ethi imefungwa juu ya rangi.

Mzawa_Igoma

Wabeja mkuu. Nilimweleza yule fundi habari ya volti 24, akasema hilo si tatizo, atachukua 12 kwenye betri moja tu. Vipi hapo?

FundiWaya_Nyakato

Hapo ndipo wanapoulia magari ya watu.

Oltaneta inazichaji betri mbili kama kitu kimoja. Ukinyonya moja peke yake, hiyo haijai tena sawasawa, na mwenzake inapewa chaji kuliko inavyohitaji, inachemka na kukausha maji. Kamera ni mzigo mdogo, nakubali. Lakini waya ukishakuwepo hapo, kesho redio inaungwa, keshokutwa taa za urembo, na wewe unashangaa kila mwaka unanunua betri. Hebu nenda kafungue kasha la betri zako uangalie kama hakuna waya mwembamba unaoanzia katikati.

Ukitaka irekodi hata gari likiwa limelala, inawezekana. Kamera inakula kama wati 5, yaani robo ampea hivi kwenye 24. Usiku mzima wa saa 12 ni ampea-saa mbili na nusu, betri nzima hazishtuki. Shida ni gari kukaa siku nne Mwaloni kungoja mzigo, tena na betri zilizochoka. Kiboksi kizuri kina kikomo unachoweka mwenyewe. Weka kikate umeme volti zikishuka mpaka 24. Wapo wanaoacha 23 na kitu, asubuhi wanatafuta watu wa kusukuma Fuso. Kurekodi gari likiwa limelala hukutaki kabisa? Waya mbili za moto ziunge zote kwenye swichi, ukizima gari na kamera inazima.

Ngosha_wa_Usagara

Mimi nina Canter na Fuso, zote zina kamera mwaka wa pili huu. Nikupe yale yaliyonigharimu.

La kwanza ni memori kadi. Nilianza na ya mtaani imeandikwa GB 512 kwa bei ya soda, kumbe ndani ni GB 8 zimevalishwa suti. Kadi ya namna hiyo inapokea picha bila kulalamika halafu unakuta faili haifunguki. Ukinunua, ipime kwanza kwa kompyuta, programu ya H2testw ni ya bure. Na kadi ya kawaida ya simu haidumu humu, maana kamera inaandika juu ya maandishi ya zamani kutwa kucha. Tafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera za ulinzi, imeandikwa "Endurance" kwenye pakiti. Picha ya 1080p, ubora wa chini ya 4K, inakula kama GB 7 kwa saa. GB 128 zinakupa saa 18 au 19 za mwendo kabla haijaanza kufuta za mwanzo. Kwa hiyo gari likifika Dodoma tukio la Buhongwa bado limo. Likifika Dar halimo. Mwambie dereva kukiwa na jambo abonyeze kitufe cha kufunga faili, au achomoe kadi papo hapo aweke nyingine.

La pili lilinitesa wiki tatu. Kamera ina sensa ya mtikisiko: gari likigongwa inaifunga ile faili isifutwe. Sasa Fuso kwenye vumbi na matuta, kila shimo kwake ni ajali! Inafunga, inafunga, mpaka kadi imejaa faili zilizofungwa na haina pa kuandika. Inagoma kimya kimya, taa inawaka kama kawaida. Shusha hiyo sensa mpaka chini kabisa, na kadi uifomati kila mwezi ndani ya kamera yenyewe.

Tatu, ibandike kwa gundi ya pande mbili, kioo ukifute kwa spiriti kwanza. Vile vya kunyonya kioo vinadondoka jua la Shinyanga likiwaka. Ndani ya kamera pia, chagua yenye kapasita badala ya betri ya lithiamu. Yangu ya kwanza ilivimba kama andazi.

Na iwe mahali ambapo waipa inafagia. Wenzetu wa mikoa mingine hawalijui hili: wale wadudu wa ziwani wakipanda kama moshi, alfajiri kioo kinakuwa uji. Dereva anafagia upande wake anaona njia, kamera inarekodi mbawa.

Simba_Mchovu

Nunua 4K mkuu, acha ubahili. 1080p namba ya gari huisomi.

Ngosha_wa_Usagara

@Simba_Mchovu mchana gari likiwa karibu unaisoma vizuri tu. Usiku, mkipishana kwa kasi na taa zinakupiga, hata hiyo 4K inakupa kibao cheupe. Usiku kinachosaidia ni sensa nzuri ya picha, angalia kama imeandikwa STARVIS, zile za Sony za mwanga hafifu. Halafu 4K inameza kadi mara mbili au tatu zaidi. Kwa laki tatu ya jamaa, heri 1080p au 1440p yenye sensa nzuri, hela inayobaki iende kwenye kadi na fundi. Asiisahau GPS.

Baba_Pendo_14

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mimi ni dereva, naongea kama dereva.

Hiyo GPS inaandika spidi chini ya picha, tajiri ujue. Lori kikomo ni 80, kwenye vijiji 50. Ukipeleka video ya kumkaanga mwenzako na chini imeandikwa 94, umejikaanga mwenyewe. Mimi sina neno nayo, ila mabosi wengine wanataka mzigo ufike jana halafu wanafunga GPS. Chagua moja.

Sasa hilo la kamera ya ndani kwa siri. Ndugu yangu, kabini ya Fuso ni ofisi yangu mchana, usiku ni chumba changu. Navua shati humo. Naongea na mama watoto humo. Siku nikigundua kuna jicho sijaambiwa, funguo utaikuta mezani, na usidhani sitagundua, waya za gari lile nazijua kuliko za nyumbani kwangu. Ukiniambia mapema, "weka, inatulinda wote", nitaifuta lenzi mwenyewe kila asubuhi. Si hata mimi nimeshalipishwa kesi ya kuchomekewa? Na kama unachotaka kukamata ni wanaonyonya diseli, kamera ya kioo cha mbele haioni tenki. Mnachanganya mambo.

Kapuku_Halisi

Baba Pendo kashusha nondo.

Wakili_Msikivu

Naongeza kwenye hoja ya mzee hapo juu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kumrekodi mfanyakazi mahali anapolala bila kumwambia ni kujitafutia kesi. Mweleze, ikibidi muandikiane karatasi.

Kuhusu video kukubalika mahakamani, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaruhusu. Ila mahakama itaangalia ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa, na kama haijachezewa. Kwa hiyo usikate kipande kizuri ukakirusha WhatsApp ukafuta iliyobaki, kule picha inabanwa na kupoteza ubora. Nakili faili nzima, kadi yenyewe iweke kwenye bahasha, andika tarehe na nani aliitoa. Na saa ya kamera iwe sahihi. Nimeona video ya ajali ya juzi imeandikwa Januari 2016, wakili wa upande wa pili akafurahi sana. Yenye GPS inajirekebisha saa, hiyo ni sababu nyingine ya kuichukua.

Mama_Dagaa

Jamani na sisi wenye mizigo mtukumbuke, kamera iangalie na turubai. Nimeshapokea magunia pungufu mara mbili.

FundiWaya_Nyakato

Dada, hiyo ni kazi nyingine. Kuna mashine za kamera nne, zinakula volti 8 mpaka 36, waya wake unafika nyuma ya bodi na ncha zake ni za kufunga kwa kuzungusha ili zisichomoke. Bei yake si ya laki tatu, na ile waya ya nyuma ipite ndani ya bomba la plastiki, la sivyo itasuguliwa na shasi mpaka ikatike. Aanze na ya mbele.

Mzawa_Igoma

Wakuu, nimerudi, karibu mwezi sasa. Naleta mrejesho.

Nilifungua kasha la betri kama nilivyoambiwa. Waya mwembamba mwekundu, umetoka katikati, umefungwa na nailoni ya mfuko wa sukari, una ukungu wa kijani. Redio! Sijui ni mmiliki wa kwanza au ni nani. Betri moja nilishaibadilisha mara mbili nikilaumu wauzaji. Nimeng'oa, redio imewekewa kishusha umeme chake.

Kamera nimechukua ya 1440p yenye lenzi mbili, GPS na kapasita, kadi ya GB 128. Bajeti imepasuka kidogo. Fundi aliweka kipimo kabla ya kuunga: gari limezimwa 25.1, likiwaka 27.9. Kazi ilichukua saa mbili na nusu, karibu nusu yake ni kutafuta bolti ya ethi isiyo na kutu.

Dereva nilimkalisha chini nikamweleza. Alikaa kimya, halafu akauliza lenzi ya ndani inageuka? Inageuka. Tukakubaliana akisimamisha gari kulala anaigeuzia dirishani. Wiki ya kwanza niliambulia video nyingi za ukuta wa gesti Singida, sijasema neno.

Jana saa kumi jioni kanipigia yuko Sekenke. "Tajiri, kuna mtu kanichomekea tena."

Moyo ukadunda. Nikamuuliza, umemgonga?

"Hapana. Nimefunga faili. Nataka tu uone."