Ulinganisho: hesi za bolti (meno yanayoshika nati) kwa rola au tuendelee kukata?

Karakana_Moro

Wakuu, habari za kazi. Nina karakana hapa Morogoro. Kazi zetu kubwa ni bolti za msingi za nguzo za taa na minara, U-bolti za springi za malori, na fimbo za hesi za mita moja kwa mafundi wa dari na viyoyozi. Saizi ni M12, M16 na M20 (kipenyo kwa milimita), basi. Kwa sasa kila kitu kinapita kwenye leithi mbili (mashine za kukereza) na mashine ya kukatia hesi za mabomba tuliyoivalisha dai (vyuma vigumu vya kutengenezea hesi) za bolti. Oda zimezidi, vijana wanakesha, dai zinaisha meno.

Naangalia machaguo haya:

1. Kuongeza mashine nyingine ya kukata, safari hii ile ya bolti hasa.
2. Mashine ya haidroliki ya rola mbili za duara, zile za Kichina zinazoandikwa Z28.
3. Mashine ya dai bapa.
4. Mashine ya nondo, ile inayomenya mbavu kisha inapiga hesi kwa rola.

Umeme wa fezi tatu upo. Aliyewahi kuzitumia anisaidie, maana wauzaji wote wananiambia yao ndiyo bora.

Mkerezaji_Mstaafu

Kijana, hiyo namba 3 ifute sasa hivi. Dai bapa ni za skrubu na bolti fupi zinazotoka kwa maelfu: dai moja imetulia, nyingine inakwenda na kurudi, kipande kinabingirika katikati. Kwa dakika zinatoka nyingi mno, lakini urefu wa hesi unaishia kwenye upana wa dai. Fimbo ya mita moja utaipitisha wapi?

Namba 1 na 2 ndizo za kulinganisha. Kukata kunaondoa chuma, rola haiondoi kitu: inakandamiza, chuma kinazama kwenye bonde na kupanda kwenye kilele. Ndiyo maana hesi ya rola inang'aa, na bonde lake linabaki limebanwa, ufa wa uchovu (wa chuma kutikiswa mara nyingi) hauanzi kirahisi. Kwa U-bolti ya lori inayopigwa na barabara mbovu kila siku, hilo siyo jambo dogo. Na kwa kasi, hesi ya M16 yenye urefu wa sentimita 6 ni sekunde chache tu. Kwenye leithi unajua mwenyewe.

Hesi_na_Nati

Mimi naunga mkono rola, tena kuna faida ya chuma. Kwa M16 unaanza na chuma cha milimita 14.6 badala ya 16. Mita moja ya 16 ina kilo 1.58, ya 14.6 ina kilo 1.31 hivi. Umeokoa zaidi ya robo kilo kila mita. Kwa M12 ni karibu asilimia 20. Piga hesabu ya mwaka mzima, mashine inajilipa yenyewe.

JuaKali_Kariobangi

Boss, hapo ndipo wauzaji hukushikia. Hesabu ya huyu ndugu ni sawa kabisa kwenye karatasi. Sasa ingia hadwea yoyote, iwe Nairobi au huko kwenu, uitishe raundi baa (fimbo ya chuma ya mviringo) ya 14.6. Utaonyeshwa 12, 16 na 20, pengine 14 na 18. Hiyo 14.6 hakuna.

Sisi tuna mashine ya rola mbili hapa Kariobangi na inafanya kazi poa. Lakini ukiniuliza ni nini kinachotuchosha, sitataja mashine. Nitataja chuma kabla hakijaingia kwenye mashine. Rola haijui kusamehe. Blanki, yaani chuma kabla hakijapigwa hesi, ikiwa nyembamba, vilele havijai, nati inacheza. Ikiwa nene kidogo, chuma kinakosa pa kwenda, kinajaa hadi juu, hesi inachubuka kama ngozi ya mhogo na dai inapasuka. Kipenyo cha blanki kikiongezeka kidogo tu, kipenyo cha nje cha hesi kinaongezeka mara mbili hadi tatu ya hapo. Na raundi baa iliyotoka tanuri moja kwa moja, ile ya kuviringishwa kwa moto, inaruhusiwa na kiwango kupishana hata nusu milimita. Leo 15.7, kesho 16.3, zote zinaitwa 16.

Kwa hivyo swali lako lisiwe mashine gani. Liwe: blanki nitaitoa wapi?

Karakana_Moro

Hili hakuna muuzaji hata mmoja aliyelitaja. Nyinyi mnaitoa wapi?

JuaKali_Kariobangi

Njia ni mbili. Ya kwanza, unakereza ile sehemu ya hesi peke yake kwenye leithi hadi 14.6, shina linabaki 16. Bolti inatoka nzuri, shina nene, na wakaguzi wa minara wanaipenda. Ila faida ya chuma aliyoitaja ndugu hapo juu imeenda na takataka za leithi, na leithi bado iko kwenye foleni. Ni nafuu hata hivyo, kukereza mviringo ni kazi ya haraka kuliko kukata hesi.

Ya pili, unavuta. Unachukua raundi baa ya 16, unaondoa magamba kwa asidi au kwa mashine, unachonga ncha, unaipitisha kwenye tundu la kabaidi huku mnyororo unavuta upande wa pili. Inatoka 14.6 safi, imenyooka, kila mita sawa na nyingine, na imekuwa ndefu. Hapo ndipo ile robo kilo inapatikana kwa kweli. Sisi tuliunda benchi la kuvuta wenyewe kwa mota na giaboksi ya skrepa.

Binti_Chuma_Mwanza

Naongezea upande wa malighafi, maana ndiyo kazi yangu. Siyo kila chuma kinakubali rola. Kinatakiwa kiweze kurefuka, angalau asilimia 12 hivi, kabla ya kukatika. Chuma laini cha kawaida kinakubali bila shida. Chuma cha pua kinakubali lakini kinagumuka kadiri unavyokikandamiza, kwa hiyo punguza mzunguko na usirudie rudie. Chuma cha kusubu sahau kabisa, kitavunjika.

Kwa U-bolti za malori, kama unatumia chuma cha kaboni ya kati ili ufike daraja la 8.8, viwanda vingi hupiga hesi kwanza, kisha hupeleka kwenye tanuri. Ukipiga baada ya kugumisha unapata bolti imara zaidi dhidi ya uchovu, ila dai zinakufa haraka. Na msiandike 8.8 kichwani mwa bolti kwa sababu tu hesi imepigwa kwa rola. Rola haibadilishi daraja la chuma chote. 8.8 ni megapaskali 800 za kukatika, na 640 za kuanza kurefuka bila kurudi. Hiyo inapimwa kwenye mashine ya kuvuta, haikisiwi kwa macho.

Nondo_Tupu

Mbona mnaikwepa namba 4? Hiyo ya kumenya nondo ni bei nafuu, ndogo, inasukumwa na mtu mmoja, na nondo zipo kila kona. Bolti za msingi nyingi hapa mtaani ni za nondo.

Binti_Chuma_Mwanza

Hiyo ina kazi yake nzuri tu: kuunganisha nondo kwa kapla (kiungio chenye hesi ndani) kwenye majengo marefu. Ukiitumia kwa bolti za msingi unakutana na mambo mawili. Kwanza, nyingi zimesetiwa pichi (umbali wa jino hadi jino, kwa milimita) ya 2.5 kwa nondo za 16 hadi 22, kwa sababu ndivyo kapla zilivyo. Nati ya M16 ya dukani ina pichi ya 2.0, haitaingia. Pili, nondo za siku hizi zimepozwa kwa maji ghafla zikitoka kwenye rola za kiwandani, ngozi ya nje ndiyo ngumu, ndani ni laini. Ukimenya mbavu na ngozi kidogo, unamenya sehemu yenye nguvu. Kwa kapla imeshapigiwa hesabu. Kwa nguzo ya taa inayoyumba na upepo, mtafute mhandisi wa muundo asaini kwanza.

Nondo_Tupu

Sawa dada, lakini wateja wa mtaani hawaulizi saini 😄

Mkerezaji_Mstaafu

Nguzo ikilala juu ya gari la mtu wataiuliza.

Karakana_Moro, kuna jambo la mpangilio wa kazi. Kwenye rola mbili kipande lazima kizunguke. Kwa hiyo bolti za J na L pamoja na U-bolti zinapigwa hesi zikiwa zimenyooka, ndipo zinakunjwa. Mteja akikuletea bolti iliyokwisha kukunjwa aongezewe hesi, mashine yako mpya haina msaada. Ile ya kukata, ambayo inashika chuma kikatulia na kichwa cha dai ndicho kinachozunguka, inaifanya bila taabu. Usiiuze.

Na usiuze leithi pia. Mashine za zamani za mkonge na viwanda vya pamba bado zina hesi za Whitworth (za Kiingereza), pembe ya jino ni nyuzi 55 siyo 60. Nusu inchi ya Whitworth ina hesi 12 kwa inchi, ya Kimarekani ina 13, vijana wanazichanganya kila siku. Kazi kama hizo ni bolti nne, sita. Huwezi kununua seti ya rola kwa bolti nne.

Karakana_Moro

Mzee, kwani seti moja ya rola haiwezi kupiga saizi mbili zenye pichi moja? Kuna muuzaji kaniambia pichi ikilingana inatosha.

Mkerezaji_Mstaafu

Kwa rola za kawaida za kuingiza kutoka pembeni, hapana. Rola ina hesi zenye mianzo mingi (mistari kadhaa ya hesi inayokwenda sambamba) ili mteremko wake ulingane na wa bolti. Ya M16, kipenyo cha kati cha hesi (kati ya kilele na bonde) ni 14.7, ukichonga rola yenye mianzo 10, kipenyo chake cha kati kinakuwa 147. Ukiweka M14 humo, pichi ni ile ile 2.0 lakini mteremko umebadilika, hesi itararuka. Zipo rola zenye mifereji isiyo na mteremko, zinazotumika kwenye mashine ambayo mihimili yake inainama, ndizo za kupitishia fimbo ndefu. Hizo zina uhuru zaidi. Muulize huyo muuzaji mashine yake mihimili inainama au haiinami. Asipoelewa swali, aga.

JuaKali_Kariobangi

Na hiyo ndiyo tofauti kubwa kwa fimbo zako za mita moja. Lazima mashine iwe ya kupitisha, chuma kinaingia huku na kutokea kule. Uweke meza ya kuegemea pande zote, la sivyo fimbo inapiga kama mjeledi.

Halafu usisome namba ya modeli pekee. Viwanda vinaandika kila kimoja kivyake. Omba nguvu ya kubana kwa kilonyutoni, kipenyo cha tundu la rola na upana wa ufunguo wake, ndiyo utaweza kununua rola kwa mtu mwingine kesho. Chuma cha rola kiwe cha kromu nyingi, D2 au Cr12MoV, kimegumishwa hadi 58 mpaka 62 kwenye kipimo cha Rockwell. Omba uonyeshwe video wakipiga M20 kwenye chuma chako, siyo M8 kwenye chuma chao.

Hesi_na_Nati

Nakubali kwamba hesabu yangu ilidhani blanki ipo tayari. Lakini hata kwa njia ya kukereza ncha tu, rola bado inashinda kwa muda na kwa dai. Tusimtishe mwenzetu.

JuaKali_Kariobangi

Hatumtishi, tunampunguzia makosa. Kwa bolti za msingi na U-bolti, akereze ncha na apige rola. Kwa fimbo za mita moja, bila benchi la kuvuta asijaribu kushindana na zile za kontena kutoka China. Zile zimevutwa, bei yao ni ya chuma chembamba. Yeye atakuwa anauza bei ya 16 huku akitupa kilo chini ya leithi.

Karakana_Moro

Nimeelewa. Kwa hiyo rola mbili, za kupitisha, halafu benchi la kuvuta kabla ya kugusa fimbo. Swali la mwisho: bolti za nguzo zinatakiwa ziwe na zinki ya kuzamishwa. Nipige blanki ile ile ya 14.6?

Binti_Chuma_Mwanza

Inategemea nati yako. Kwenye hesi ya nyuzi 60, kipenyo cha kati kinaongezeka mara nne ya unene wa zinki. Zinki ya mikroni 50 ni milimita 0.2 nzima, nati ya kawaida itakwama mzunguko wa kwanza. Kuna njia mbili. Ya kwanza, piga hesi ya kawaida, zamisha bolti, halafu tumia nati zilizopigwa tapu (kichonga hesi za ndani) kubwa baada ya kuzamishwa. Ya pili, piga bolti nyembamba ili ifike saizi baada ya zinki, na hapo blanki inabadilika na seti ya mashine inabadilika. Kwa karakana yenye saizi tatu, chukua ya kwanza. Ila hizo nati ziweke kwenye ndoo yake na rangi yake, maana nati yenye tapu kubwa ikifungwa kwenye bolti isiyo na zinki inashika nusu nusu, na kwa macho hutaona tofauti.