Mrejesho: filamu yangu ya ndani ya gemu

Wakuu, niliuliza nianzeje kutengeneza filamu kwa picha za gemu, yaani unarekodi wahusika wa gemu kwenye skrini na kuwawekea sauti zako, mkaniambia nirekodi sauti kwanza. Kweli kabisa. Maneno yakiwa tayari, unajua kila mhusika asimame wapi na kwa sekunde ngapi. Midomo ya wahusika wa gemu haifuati maneno, kwa hiyo mistari mingi nimempa mwenye kofia ya chuma inayoficha mdomo: anayeongea anatikisa kichwa, wengine wametulia tuli. Ramani na idadi ya risasi zinazoonekana kwenye skrini, pamoja na muziki wa gemu, nimezima. Ukikata kipande cha video, muziki ule unaruka. Maikrofoni ya bei mbaya sikununua, nimejifunika blanketi nikarekodi kwa simu, sauti safi. Sasa nasoma masharti ya wenye gemu kabla sijaweka kwenye filamu matangazo ya kuniingizia pesa.